Kunyoosha barua pepe za Kiingereza za ofisini: mwongozo kwa mfanyakazi wa Dodoma

Ofisi nyingi hapa Dodoma huendeshwa kwa Kiswahili. Kikao ni Kiswahili, dokezo ni Kiswahili, maagizo ya mkuu wa idara ni Kiswahili. Kiingereza huingia pale barua inapovuka mpaka: mfadhili wa mradi, mkufunzi anayekuja kutoka nje, kampuni inayouza mashine za kukamua alizeti, mnunuzi aliyesikia habari za mvinyo wa zabibu zetu, chuo cha ng'ambo kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapo mtu anayejieleza vizuri kabisa mbele ya wenzake hukaa mbele ya kompyuta akihangaika namna ya kuanza, na akishatuma hujibiwa swali ambalo hakuuliza.

Kwa miaka sasa nimekuwa nikiwasomea wenzangu barua pepe zao kabla hazijatumwa. Nilichojifunza ni kwamba makosa mengi hayatokani na uhaba wa maneno. Sekondari tumesoma kwa Kiingereza, msamiati tunao, wakati mwingine mpaka unazidi. Makosa yanatoka sehemu mbili. Kwanza, sentensi nzuri ya Kiswahili inahamishwa neno kwa neno. Pili, lugha ya barua ya serikali, ile ya masjala na majalada, inapelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kuona jalada. Uzuri wake ni kwamba makosa haya yanajirudia palepale. Ukishayajua, unayatafuta kwa majina.

Tuanze na barua ya mfano niliyoitunga, lakini kila sentensi yake utaitambua:

Subject: RE: REQUEST

"Dear Mr. Peter,

How are you and how is the work? The heading above is concerned. We are kindly requesting you to facilitate us with training materials and the list of equipments for the workshop which we have discussed about last week. Also we are requesting to know when you will arrive Dodoma so that we organize transport. Kindly do so until Friday. You are supposed to come with your passport copy.

You are most welcome."

Mwandishi ana adabu na anajua anachotaka. Sasa tuipitie hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: liandike ombi lako kwa Kiswahili, sentensi moja

Kabla hujafungua ukurasa wa barua, andika kwenye karatasi: namtaka nani afanye nini, na lini? Kwa mfano wetu: "Namtaka mkufunzi atutumie mada zake, orodha ya vifaa na saa atakayofika, kabla ya Ijumaa kuisha." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza, na kamusi haitakusaidia. Rudi kwa aliyekutuma umuulize anataka nini hasa.

Ukigundua una maombi mawili yasiyohusiana, tuma barua mbili. Msomaji hujibu la kwanza na kulisahau la pili.

Hatua ya pili: kichwa cha barua

Tumezoea "YAH:" kwenye barua ya karatasi, na kwa Kiingereza ikawa "RE:". Kwenye barua pepe "Re:" huwekwa na kompyuta yenyewe mtu anapojibu. Ukiiandika kwa mkono kwenye barua mpya, msomaji anadhani kuna barua ya awali aliyoipoteza. Iache. Acha pia herufi kubwa tupu, kwa sababu wengi huzisoma kama kelele.

"REQUEST" haimwambii mtu kitu. Weka jambo, tarehe na unachohitaji: "Dodoma workshop, 4–6 August: slides and arrival time needed by 24 July". Mtu mwenye barua themanini asubuhi atajua afungue ipi.

Na kwa kuwa kichwa kipo juu, sentensi ya "The heading above is concerned" haina kazi. Ni "kichwa cha habari hapo juu chahusika" iliyovuka mpaka bila pasipoti. Msomaji wa Kiingereza anaweza kuielewa kwamba kichwa kina wasiwasi, maana "concerned" ina maana hiyo pia. Ifute kabisa, pamoja na ndugu zake "Refer to the heading above" na "Reference is made to the above captioned subject".

Hatua ya tatu: jina na salamu

Hapa kwetu "Mr. Peter" ni heshima. Kwa Kiingereza cha Ulaya na Marekani, "Mr" na "Ms" huenda na jina la ukoo. Tuseme mtu anaitwa Peter Jensen: ni "Dear Mr Jensen", au "Dear Peter" kama yeye mwenyewe amejisaini Peter. Mwanamke usiyejua kama ameolewa ni "Ms". Usipojua kama ni mwanamume au mwanamke, andika jina lote: "Dear Kim Larsen". Mwenye shahada ya uzamivu ni "Dr", na ukimpunguzia cheo hatafurahi. Vyeo kama "Eng." na "CPA" mbele ya jina ni desturi yetu, kwa hiyo vitumie kwa Mtanzania anayejisaini hivyo.

Salamu zetu ni ndefu kwa sababu tunajali. Tunauliza kazi, nyumbani, watoto. Kwa Kiingereza cha kazini mstari mmoja unatosha: "I hope you are well." Usiandike "How is the work?" kwa mtu usiyemzoea, maana ni swali, na swali linadai jibu. Mlikwisha kuzungumza juzi? Shukuru kwa mazungumzo hayo; ndiyo salamu bora kuliko zote: "Thank you for the call last week."

Hatua ya nne: ombi lije mapema, na adabu ikae mahali pake

Kwa Kiswahili ombi hutanguliwa na maelezo. Kumrukia mtu na ombi ni utovu wa adabu. Msomaji wa Kiingereza kazini hupekua mistari miwili ya kwanza kutafuta anachotakiwa kufanya, na asipokiona huiweka barua kando asome baadaye, ambayo mara nyingi haifiki. Kwa hiyo ombi liwe kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, maelezo yafuate.

Adabu haipotei kwa kufanya hivyo. Inahamia kwenye umbo la kitenzi. Zipo ngazi tatu, nazo zinatosha kwa kazi yote ya ofisi. Kwa jambo dogo: "Please send us the slides." Kwa ombi la kawaida: "Could you please send us the slides?" Kwa jambo zito au kwa mkubwa: "I would be grateful if you could send us the slides." Chagua moja. Ukirundika "we are humbly and kindly requesting" hujaongeza heshima, umeongeza maneno.

Neno "kindly" nalitaja peke yake kwa sababu limetuenea mno. Sisi tunalisikia kama upole. Wasomaji wengi wa Uingereza na Marekani hulisikia kama agizo la kizamani, hasa linapoanza sentensi: "Kindly do so." Weka "please" mara moja au mbili kwenye barua, si kila mstari.

Hatari zaidi ni "You are supposed to". Sisi tunatafsiri "unatakiwa" au "unapaswa", maneno ya kawaida kabisa ya kutoa maelekezo. Kwa Kiingereza "You are supposed to bring your passport" hubeba lawama, kana kwamba mtu alijua na hakufanya. "You are required to" nayo ni lugha ya tangazo la kisheria. Sema tu: "Please bring your passport."

Vivyo hivyo ukimkumbusha mtu ambaye hajajibu. "Bado sijapokea" ikigeuzwa "Still I have not received your reply" inasikika kama ugomvi. "Until now you have not replied" ndiyo mbaya zaidi. Andika: "I am following up on my email of 14 July. Have you had a chance to look at it?" Kisha rudia ombi lenyewe, usimlazimishe kuitafuta barua ya zamani.

Hatua ya tano: nyakati za vitenzi

Hapa ndipo makosa mengi ya sarufi yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Viambishi vyetu na nyakati za Kiingereza havilingani moja kwa moja, na kila kiambishi kina mtego wake.

Anza na -me-. Tunasema "nimetuma ripoti jana" bila shida. Kiingereza hakikubali "have" pamoja na muda uliokwisha. "I have sent the report yesterday" ni kosa, ni "I sent the report yesterday." Kanuni ni rahisi: ukitaja jana, wiki iliyopita, mwezi Juni, mwaka 2024, ondoa "have". Usipotaja wakati na jambo linahusu sasa, iweke: "I have sent the report." Fungua barua zako za zamani utafute neno "yesterday" na "last". Utashangaa.

Halafu -na-. "Ninafanya kazi idara ya ugavi" huwa "I am working in the procurement department", kana kwamba upo kwa muda tu. Kazi ya kudumu ni "I work". Na vitenzi vya kuwa na kitu, kujua, kuhitaji na kutaka karibu kila mara havichukui "-ing": "we need", "I have two questions", kamwe si "I am having two questions". Hata "we are requesting" hugeuka kuwa nzito bure, na ngazi tatu za hapo juu zinaifuta. Jambo la kila mara, ambalo sisi tungelisema kwa hu-, ni wakati uliopo wa kawaida: "Malipo hufanyika Ijumaa" ni "Payments are made on Fridays."

Neno "tangu" lina mitego miwili. "Ninafanya kazi hapa tangu 2021" si "I am working here since 2021", bali "I have worked here since 2021." Tena "since" hufuatwa na mwanzo wa muda, na "for" hufuatwa na urefu wake: "since March", "for three months".

Kuna na -takapo-. "Utakapofika, tutakupokea" ina wakati ujao mara mbili, na sisi tunaandika "When you will arrive, we will pick you up." Kiingereza huweka wakati ujao upande mmoja tu: "When you arrive, we will pick you up." Hali ni hiyohiyo baada ya "if", "before", "after" na "as soon as": "As soon as we receive the invoice, we will pay."

Mwisho, ile -s ya nafsi ya tatu. Kila mtu anaijua, kila mtu anaisahau, hasa mhusika anapokuwa mbali na kitenzi. "The list of participants are attached" inakosea kwa sababu kinachoambatishwa ni orodha, na orodha ni moja: "The list of participants is attached." Tafuta mhusika halisi, kisha uangalie kitenzi.

Hatua ya sita: "a", "the", na wingi usiokuwepo

Hatuna vijineno "a" na "the", kwa hiyo tunavipanda kwa kubahatisha. Lakini Kiswahili kina dalili inayosaidia sana. Linganisha "nimesoma ripoti" na "nimeisoma ripoti". Ile -i- inaonyesha kwamba mimi na wewe tunaijua ripoti inayozungumzwa. Ya kwanza ni "I have read a report", ya pili ni "I have read the report." Kwa hiyo ukijiona kwa Kiswahili ungesema "ile ripoti", "yule mkufunzi", au ungetia kiambishi cha mtendwa, weka "the". Ukijiona ungesema "kuna ripoti" au "ripoti moja", weka "a". Ukizungumzia vitu kwa ujumla, kwa wingi, usiweke chochote: "Reports are due every quarter."

Kumbuka pia kwamba "an" hufuata sauti, haifuati herufi. Ni "an NGO", "an MP" na "an hour", lakini ni "a university", maana tunaanza kutamka kwa "yu". Wizara na taasisi nyingi zenye "of" huchukua "the": "the Ministry of Finance", "the Bank of Tanzania", "the University of Dodoma". Tanzania peke yake haichukui. "The United Republic of Tanzania" inachukua.

Kuhusu wingi, vifaa ni vingi, ushauri unaweza kuwa mwingi, taarifa ni nyingi, na sisi tunaziongezea -s. Zifuatazo hazina -s kabisa kwenye Kiingereza cha kazini: "equipment", "information", "advice", "feedback", "furniture", "stationery", "luggage", "evidence". Ukitaka kuhesabu, tumia "piece" au "item": "three pieces of equipment". Neno "staff" ni kundi zima. Watu wawili ni "two members of staff", si "two staffs". Wakuu wa idara ni "heads of department".

Na tukiwa kwenye sarufi ya nomino, tusisahau "he" na "she". Yeye wetu ni mmoja, ndiyo maana afisa mwanamke hugeuka mwanamume katikati ya barua. Ukimtambulisha mwenzako kwa mgeni, weka "Mr" au "Ms" mbele ya jina lake, kwa sababu mgeni hawezi kujua kwa jina tu kwamba Mgogo au Mrangi huyu ni mama au baba. Kisha soma barua nzima ukitafuta kitu hicho kimoja.

Hatua ya saba: maneno madogo baada ya kitenzi

Hapa hakuna njia ya mkato. Ni kukariri, lakini orodha ya yanayotusumbua ni fupi. "Discuss", "emphasise", "request", "contact", "attend" na "await" huchukua jambo moja kwa moja: "discuss the budget", si "discuss about the budget". "Request" ikiwa nomino ndipo huchukua "for": "our request for funds". Kinyume chake, "reply" na "arrive" zinadai msaidizi: "reply to your email", "arrive in Dodoma", "arrive at the station". "Nieleze" ina mtu ndani ya kitenzi, kwa hiyo tunaandika "explain me". Ni "explain to me".

Jozi nyingine ni za maana. Kumbuka na kumbusha: "remember" ni wewe mwenyewe, "remind" ni kumkumbusha mwingine. Kuazima kwetu ni njia zote mbili. Kwa Kiingereza anayechukua "borrows" na anayetoa "lends".

Na "mpaka Ijumaa". Hii imechelewesha ripoti nyingi. "Submit until Friday" kwa msomaji makini ni kwamba aendelee kuwasilisha kila siku mpaka Ijumaa. Mwisho wa muda ni "by": "Please submit it by Friday 24 July." Tumia "until" kwa jambo linaloendelea: "The office is open until 3:30 pm."

Hatua ya nane: maneno ya ofisi zetu yasiyosafiri

Kuna Kiingereza ambacho sisi kwa sisi tunaelewana vizuri sana, na hakina kosa ndani ya jengo. Shida huja kikitoka nje.

"Kuwezesha" ndilo linaloongoza. "Facilitate us with transport" hapa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kila mtu anajua kwamba ni gari au nauli. Mgeni anajiuliza umemaanisha nini, maana "facilitate" ni kurahisisha mchakato au kuendesha semina. Taja kitu chenyewe: "Please provide transport" au "Please cover our travel costs." Tofauti kati ya hayo mawili ni ya fedha, na ndiyo maana neno la jumla ni hatari.

Masurufu, yaani fedha anayopewa mtumishi kabla ya safari au kazi, ni mfano mwingine. Mhasibu wetu anasema "retire the imprest" na mtumishi anajua alete risiti. Mfadhili wa nje anaweza kuona "retire" akawaza mtu anastaafu. Andika "account for the advance" na ueleze kwa ufupi: "by submitting receipts". "Revert" kwa maana ya kujibu nayo si salama kwa wote. Sema "reply" au "get back to me". "Do the needful" haisemi kitu gani kifanyike. "Attached herewith please find" ni "I have attached". "Naomba kuwasilisha" ni tamko zuri la kumalizia dokezo, lakini "I beg to submit" haina mahali kwenye barua pepe.

Karibu yetu nayo. "Welcome again" tunaiandika kwa moyo mweupe, ila Kiingereza hakiagi hivyo. Kwa anayekuja: "We look forward to welcoming you to Dodoma." Kwa anayeondoka: "We hope to see you again." Angalia hapo "welcoming": baada ya "look forward to" kitenzi huchukua "-ing".

Funga na "Kind regards", ambayo inafaa karibu popote. Kama barua ni rasmi sana na umeanza na "Dear Sir or Madam", desturi ya Kiingereza cha Uingereza ni "Yours faithfully". Ukiwa umemtaja mtu kwa jina, ni "Yours sincerely".

Hatua ya tisa: saa, tarehe, robo ya mwaka na fedha

Sarufi inaweza kuwa safi na mgeni akakosa kikao. Saa nne asubuhi ni "10 am". Kila mmoja wetu anajua, lakini kwenye haraka namba 4 hupenya kwenye barua. Andika saa kwa tarakimu na "am" au "pm", na kwa mtu wa nje ongeza ukanda wa saa: "10 am East Africa Time, GMT+3". Nairobi tuko nao sawa, lakini Kigali, Lusaka na Lilongwe wako nyuma yetu kwa saa moja, na London wako nyuma kwa saa mbili au tatu kulingana na majira. Usiku ndio mgumu zaidi: ndege inayotua saa nane usiku wa kuamkia Jumatano inatua "2 am on Wednesday", na dereva wa kumpokea lazima ajiandae tangu Jumanne usiku.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. "07/08/2026" kwetu ni tarehe 7 Agosti. Mmarekani anasoma Julai 8. Andika "7 August 2026". Sikukuu zetu usizitaje kwa jina tu. Mgeni hajui Sabasaba wala Nanenane, wala hajui kwa nini nyumba za wageni zinajaa wakati wa maonyesho pale Nzuguni. Mwambie: "8 August is a public holiday in Tanzania, so our office will be closed."

Robo ya mwaka inastahili uangalifu wa peke yake. Mwaka wetu wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Mshirika anayehesabu kuanzia Januari akisoma "Q1 report" anawaza Januari hadi Machi. Taja miezi: "the report for July to September 2026".

Fedha: ile alama "/=" haijulikani mbali na kwetu. "TZS 5,000,000" inaeleweka kote. Na "milioni tano" kwa Kiingereza namba hutangulia: "5 million shillings", si "millions 5".

Tukiyakusanya haya yote, barua yetu ya mfano inakuwa hivi:

Subject: Dodoma workshop, 4–6 August: slides and arrival time needed by 24 July

"Dear Mr Jensen,

Thank you for the call last week. To help us prepare, could you please send us the following by Friday 24 July:

1. your slides and a list of the equipment you will need;
2. your arrival time in Dodoma, so that we can arrange transport.

Please bring a copy of your passport for registration.

We look forward to welcoming you to Dodoma.

Kind regards,"

Imebaki fupi, na hakuna neno gumu hata moja ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuisoma.

Hatua ya kumi: kusoma upya, na programu za kusahihisha

Soma barua kwa sauti, polepole, ukiwa umejaza kila kitu isipokuwa anwani ya mpokeaji. Anwani iwe ya mwisho, hivyo barua haitaondoka kabla haijaiva. Ukikosa pumzi katikati ya sentensi, ikate mara mbili. Angalia kiambatisho kipo kweli. Angalia nakala zinaenda kwa nani. Kama unatumia Gmail, kwenye mipangilio unaweza kuongeza muda wa kuirudisha barua uliyoituma hadi sekunde 30, na sekunde hizo zinatosha kuona jina lililokosewa.

Weka lugha ya kusahihishia iwe Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu ndicho tunachofundishwa na ndicho kilicho kwenye nyaraka zetu: "programme", "centre", "organise". Ikibaki ya Marekani, kompyuta itakupigia mstari mwekundu pasipo kosa, na utazoea kuipuuza hata inaposema kweli. Lakini ukimwandikia Mmarekani hakuna ubaya kufuata tahajia yake, ilimradi usichanganye ndani ya barua moja.

Kwa maneno, tumia kamusi za mtandaoni zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Nyingi ni bure, huonyesha mifano ya sentensi, na baadhi hutia alama ya U kwenye nomino isiyohesabika. Alama hiyo moja ingefuta "equipments" zote za mkoa huu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza inafaa kukupa neno, lakini haikuambii neno hilo linakaa na kihusishi gani.

Programu za akili mnemba zinasaidia, nazo zina mipaka. Andika rasimu mwenyewe kwanza, kisha uiambie irekebishe sarufi tu bila kubadilisha maana wala kuongeza sentensi. Ukiiachia iandike yote, itakupa mapambo yaleyale tuliyohangaika kuyaondoa, na wakati mwingine ahadi ambayo bosi wako hajaitoa. Usibandike humo majina ya watumishi, mishahara, taarifa za afya wala nyaraka za siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtu si zako za kuzisambaza kwa sababu tu unatafuta mahali pa kuweka mkato. Badilisha majina kwanza, au andika X.

Kisha fungua daftari au faili moja dogo. Kila mtu akikurekebisha, au kila unapoona mgeni ameandika jambo lako kwa namna bora kuliko ulivyoandika wewe, nakili sentensi yake nzima humo. Nakili sentensi, si neno, kwa sababu sentensi inakuja na "the" yake, "by" yake na wakati wake tayari. Zipange kwa kazi: kuomba, kukumbusha, kuomba radhi kwa kuchelewa, kukataa, kupanga kikao. Barua za ofisini ni za aina chache mno, na ukishakuwa na sentensi mbili tatu safi kwa kila aina, sehemu kubwa ya barua ya kesho itakuwa imekwisha kuandikwa.